Dawa ya siku nzima katika bakuli moja la uji

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nimegundua kwamba kosa hili wanalifanya wengi, na karibu wote wanalifanya kwa mapenzi.

Mama yangu mzazi amepita miaka 70 na ana presha. Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mjini kung'olewa meno. Fizi zikamuuma, akawa hawezi kutafuna wala kumeza kitu kigumu. Nikamwambia, "Mama, hilo dogo." Nikachukua kidonge chake cha asubuhi, nikakibana kati ya vijiko viwili, nikakiponda mpaka kikawa unga, nikakoroga katika bakuli la uji wa ulezi. Mama akanywa, akaniombea na dua.

Haikupita saa moja akaanza kulalamika kizunguzungu. Uso ulimwiva, moyo ukawa unamwenda mbio. Aliposimama kwenda msalani, akaanguka. Tulipomfikisha hospitali presha yake ilikuwa imeshuka vibaya sana. Daktari wa zamu, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, dawa mlimpa vipi?" Nikamweleza habari ya vijiko na uji. Akatikisa kichwa, akasema, "Kidonge kile kina dawa ya saa 24. Wewe umempa mama yako dawa ya siku nzima kwa mara moja."

Mama alilazwa siku mbili, akapona, namshukuru Mungu. Dawa yenyewe ilikuwa nifedipini, dawa ya kawaida kabisa ambayo wazee wengi katika mitaa yetu wanaitumia. Kule dukani tulikoinunua hakuna aliyetuambia neno. Na mimi, mtu wa habari niliyefundishwa chuoni kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini, siku hiyo sikuuliza lolote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuwasumbua wafamasia kwa maswali. Nilichokikuta kimenistaajabisha. Kile nilichokiponda hakikuwa unga wa dawa uliogandishwa tu. Kilikuwa saa. Mtu alikaa, akapiga hesabu, akatengeneza kitu kinachotoa dawa kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka asubuhi, na mimi nikakivunja kwa vijiko viwili.

Tuanze na kidonge cha kawaida, kwa mfano cha kutuliza maumivu ya kichwa. Ukikimeza, kinasambaratika tumboni baada ya muda mfupi. Dawa inapanda katika damu, inafika kileleni, kisha mwili unaanza kuitoa, nayo inashuka mpaka inakwisha. Kwa kichwa kinachouma leo na kesho kimepona, hilo halina ubaya. Lakini mwenye presha, kisukari au kifafa anaishi na maradhi yake usiku na mchana. Dawa ikipanda mno inakuwa kama sumu, ikishuka mno ni kama haipo. Katikati kuna njia nyembamba, na mgonjwa anatakiwa apite humo kila siku ya maisha yake. Njia ya zamani ya kumpitisha humo ilikuwa kumwambia ameze mara tatu au nne kwa siku. Sasa niambie, msikilizaji, ni nani kati yetu anayekumbuka kumeza kidonge mara nne kwa siku, mwezi hadi mwezi, na huku anapanda daladala na kurudi nyumbani usiku?

Ndipo wataalamu wakajiuliza: kwa nini kazi ya kukumbuka tusimpe kidonge chenyewe? Mwaka 1952 kampuni ya Smith Kline & French ya Marekani ilitoa kapsuli iliyojaa chembe ndogo ndogo zilizopakwa nta. Chembe zenye nta nyembamba zilifunguka mapema, zenye nta nene zilichelewa. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini nta ina mipaka yake, na mzigo huo baadaye ulibebwa na kitu kingine kinachoitwa polima.

Polima ni neno geni kwa kitu tunachokijua. Chukua ushanga mmoja, haukufai kitu. Tunga shanga elfu katika uzi mmoja, umepata mkufu. Polima ni mkufu wa namna hiyo: chembe ndogo zimeshikana moja baada ya nyingine mpaka zikawa mnyororo mrefu. Wanga wa muhogo ni polima. Nyuzi za pamba ni polima. Utomvu wa mpira ni polima, na mfuko wa plastiki ni polima vilevile. Tofauti iko katika ushanga gani umetungwa na kwa mpangilio upi. Ukibadilisha ushanga unabadilisha tabia: huyu atavimba katika maji, yule atapitisha dawa bila kuyeyuka, mwingine atayeyuka katika mwezi mmoja. Hapo ndipo fundi anapoweza kutega saa yake.

Kuna namna kuu nne za kuitega.

Ya kwanza ni ile iliyo katika vidonge vingi vya kutoka taratibu. Fundi anachanganya dawa na polima iliyotengenezwa kutokana na nyuzi za miti au pamba. Ikigusana na maji tumboni inavimba na kuwa ute. Fikiria bamia au mlenda. Dawa imenaswa katikati ya ute huo, na ili itoke ni lazima ijipenyeze polepole, kama mtu anayevuka tope. Ukikiponda kidonge hicho, unatimua tope lote kabla ya safari kuanza. Dawa ya siku nzima inabaki uchi, na inaingia katika damu kwa mkupuo. Hiyo ndiyo habari ya uji wa mama yangu.

Ya pili ni ya ustadi zaidi. Alejandro Zaffaroni, mwanasayansi mzaliwa wa Uruguay, alianzisha kampuni ya ALZA huko California mwaka 1968 kwa kazi hii moja ya kuilazimisha dawa itoke kwa kipimo. Katika kampuni hiyo kilibuniwa kidonge chenye ganda gumu linaloruhusu maji kuingia lakini haliruhusu dawa kutoka, isipokuwa katika kitundu kimoja kidogo kilichotobolewa kwa mwanga wa leza. Ndani kuna tabaka mbili: moja ya dawa, nyingine ya polima inayovimba. Maji yanapoingia, polima inavimba na kuisukuma dawa nje ya kitundu, kama unavyobonyeza dawa ya meno. Nifedipini ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1989. Kazi ikiisha, ganda tupu linatoka chooni likiwa zima. Wagonjwa wengine wakiliona wanashtuka, wanadhani kidonge hakikufanya kazi, wanameza kingine. La hasha! Dawa imeshatoka, lililobaki ni kopo tu.

Namna ya tatu ni ya mtungi. Mtungi wa udongo uliojaa maji hutoka jasho kwa nje, ingawa hauna tundu unaloliona. Maji yanapenya ukutani taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana wa upasuaji aliyeitwa Judah Folkman, akiwa katika utumishi wa jeshi la wanamaji la Marekani pamoja na mwenzake David Long, aliona kwamba rangi na dawa fulani hupenya ukuta wa mrija wa mpira wa silikoni, polepole na kwa kiasi kilekile. Mwaka 1964 wakaandika kwamba mpira huo unaweza kuwekwa mwilini ukiwa na dawa ndani, ukaitoa kwa muda mrefu.

Shirika la Population Council la New York likaichukua hoja hiyo na kuifanyia kazi miaka mingi, likiongozwa katika utafiti na Sheldon Segal. Matokeo yake yalikuwa Norplant, vijiti sita vya silikoni vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke kumkinga na mimba kwa miaka mitano. Finland ndiyo iliyoidhinisha kwanza, mwaka 1983. Baadaye vijiti sita vikawa viwili, vinavyoitwa Jadelle. Kisha kikaja kimoja, Implanon, chenye urefu wa sentimeta 4 na unene wa milimita 2, sawasawa na njiti ya kiberiti, kilichoidhinishwa kwa miaka mitatu. Hiki cha mwisho si silikoni. Ni plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa soli laini za viatu vyepesi, ila hii imesafishwa kwa kiwango cha hospitali. Ndani yake mna miligramu 68 tu za homoni, pungufu ya chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Miaka mitatu, ndugu msikilizaji, kwa kiasi hicho!

Hapa nijibu barua ya msikilizaji mmoja wa Mbagala. Dada huyo anauliza kama kijiti alichowekewa mkononi kitayeyuka chenyewe muda ukiisha, maana shoga yake amemwambia hivyo. Jibu ni hapana, dada yangu. Silikoni haiyeyuki mwilini, na ile plastiki ya njiti nayo haiyeyuki. Muda ukifika, dawa inapungua mpaka haitoshi kukinga, lakini kijiti kinabaki palepale. Utaendelea kukigusa kwa kidole na kuamini umekingwa, kumbe unagusa mtungi mtupu. Iandike tarehe ya kukitoa mahali usipopoteza. Na ukikipapasa siku yoyote ukakikosa chini ya ngozi, rudi kliniki mapema, usisubiri miaka iishe.

Suala la kutoa lina historia yake. Kuweka kijiti ni kazi ya dakika chache. Kukitoa, hasa kama kiliwekwa ndani mno, kunataka mkono uliofunzwa. Huko Marekani katika miaka ya 1990 wanawake wengi walikwenda mahakamani kwa ajili ya Norplant, malalamiko mojawapo yakiwa taabu ya kuitoa, na mwaka 2002 ikaacha kuuzwa huko. Kwetu sisi somo ni jepesi: kliniki inayoweka na iwe na mtu anayeweza kutoa. Mwaka 2013 ulitangazwa mkataba ulioshusha bei ya Jadelle kwa nchi maskini kutoka dola 18 hadi dola 8.50, na vijiti vikafika kwa wanawake wengi zaidi. Ni jambo jema. Lakini kila kijiti kilichoingia kina siku yake ya kutoka, na siku hiyo nayo inataka bajeti.

Namna ya nne ndiyo inayoyeyuka kweli, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kuna asidi inayopatikana katika maziwa ya mgando, ndiyo inayoyapa ule ukali. Mwili wako nao unaitengeneza unapopanda ngazi mbio. Ukitunga chembe za asidi hiyo pamoja na za ndugu yake mwingine, unapata plastiki ambayo mwilini inakatika kidogo kidogo na kurudi kuwa asidi ileile, na mwisho wake ni maji na hewa unayoitoa kwa pumzi. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji wameshonea nyuzi za jamii hii, zile zisizohitaji kutolewa. Watu wa dawa wakasema, kama uzi unaweza kuyeyuka tumboni bila madhara, kwa nini usibebe dawa? Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya Lupron Depot kwa saratani ya tezi dume. Ndani yake mna vijipira vidogo kuliko unene wa unywele, vilivyojaa dawa. Kabla yake mgonjwa wa dawa hiyo alidungwa kila siku. Kwa vijipira hivyo alidungwa mara moja kwa mwezi. Hesabu mwenyewe: sindano 30 zimekuwa moja.

Usidhani mambo haya yalipokewa kwa shangwe. Mwaka 1974 kijana Robert Langer, mhandisi wa kemia, aliacha kazi nono za makampuni ya mafuta akaenda Boston kufanya kazi kwa Folkman yuleyule wa mrija wa silikoni. Alitaka plastiki itoe chembe kubwa kama protini. Wakubwa wa fani wakamwambia haiwezekani, kwani chembe kubwa haipiti katika plastiki kama vile mtu asivyopita ukutani. Mwenyewe amesimulia kwamba alipata njia zaidi ya 200 za kushindwa kabla ya kupata moja ya kufaulu. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1976, na hata baada ya hapo maombi yake tisa ya kwanza ya fedha za utafiti yalikataliwa. Leo ni miongoni mwa wahandisi wanaoheshimiwa zaidi duniani.

Moja ya kazi zilizotokana na juhudi zake ni visahani vidogo kama sarafu, vinavyopangwa ndani ya ubongo mahali daktari alipoondoa uvimbe wa saratani, hadi vinane kwa mgonjwa mmoja. Vinalika kwa juu juu kama kipande cha sabuni, vikitoa dawa papo hapo panapohitajika. Viliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Navitaja kwa sababu vinatufundisha kiasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, nusu ya waliowekewa visahani vyenye dawa waliishi zaidi ya wiki 31, na nusu ya waliowekewa vitupu walizidi wiki 23. Wiki nane ni kitu kikubwa kwa mwenye watoto wa kuaga, lakini si kupona. Plastiki inaifikisha dawa. Haiifanyi dawa kuwa na nguvu isiyokuwa nayo.

Karibu zaidi na kwetu kuna pete ya silikoni yenye dawa ya dapivirini, ambayo mwanamke huivaa mwenyewe ukeni na kuibadilisha kila mwezi ili kupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wanawake wa Uganda, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini ndio walioshiriki katika majaribio makubwa yaliyotoa matokeo mwaka 2016. Katika jaribio moja maambukizo yalipungua kwa asilimia 27, katika jingine kwa asilimia 31. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kuwa njia ya nyongeza kwa walio katika hatari kubwa. Lakini katika lile jaribio la kwanza, kwa wasichana wa miaka 18 hadi 21 kinga haikuonekana, na vipimo vilionyesha kwamba hao waliivaa kidogo kuliko dada zao wakubwa. Saa nzuri namna gani, ikikaa kabatini haimwambii mtu wakati.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, ndugu msikilizaji. Sifa ya dawa hizi ni kwamba zimechukua kazi ya kukumbuka kutoka kichwani mwa mgonjwa na kuiweka katika plastiki. Lakini hazijachukua kazi ya kujua. Tena zimeiongeza. Kidonge cha kawaida ukikiponda, aghalabu unapata uchungu mdomoni tu. Hiki ukikiponda unaweza kumzika mama yako.

Na kujua tunanyimwa na desturi ndogo tuliyoizoea. Ukifika dukani unataja dawa na idadi, kumi au ishirini. Muuzaji anakata kipande cha karatasi ya vidonge kwa mkasi, anakitia katika bahasha ya kaki, anaandika 1 x 1, unalipa, unaondoka. Boksi linabaki dukani, na maelezo yanabaki ndani ya boksi. Kwenye boksi hilo, baada ya jina la dawa, kulikuwa na herufi ndogo: SR, XR, ER, CR, MR, LA, au neno retard. Herufi hizo zote zinasema jambo moja kwa lugha ya kitaalamu: dawa hii inatoka taratibu, usiniponde, usinitafune. Zimo katika dawa za presha, za kisukari kama metformini, na za maumivu kama diklofenaki. Ukikata kipande vibaya, herufi zenyewe zinabaki kwenye kipande cha mteja mwingine.

Wengine tunavunja vidonge si kwa kushindwa kumeza bali kwa shida. Mwisho wa mwezi uko mbali, vidonge vimebaki vichache, mtu anagawa nusu kwa nusu vifike. Simlaumu mtu kwa umaskini wake. Ila nasema, baadhi ya vidonge hivi vina mstari katikati na vinakatika salama, vingine vikikatwa saa imevunjika, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mwenye kujua ni mfamasia. Mwambie ukweli kwamba huna fedha au kwamba mgonjwa hawezi kumeza. Mara nyingi ipo dawa ileile ya maji, au kidonge cha kawaida cha kumeza mara mbili au tatu kwa siku, na pengine ni cha bei nafuu zaidi.

Kwa hiyo nakuomba maswali matatu kila unapopokea dawa. Je, hii ni ya kutoka taratibu? Je, naweza kuikata au kuiponda? Na kama ni kijiti au sindano ya muda mrefu, itaisha lini na ni nani atakayenishughulikia ikinidhuru? Hili la mwisho ni muhimu, maana kijiti kinaweza kutolewa, lakini vijipira vilivyokwisha kudungwa haviwezi kuzolewa tena. Muuzaji akikunja uso, rudia swali. Afadhali uso wake ukunjike kuliko mgonjwa wako aanguke mlangoni pa msalani.

Mama yupo, anawasalimu. Meno ya bandia yamemkaa vizuri. Kila asubuhi anameza kidonge chake kizima kwa maji, kisha ndipo anakunywa uji. Akiniona nakaribia meza ananiambia, "Mwanangu, vijiko hivyo viache kabatini." Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba. Kuna watu waliotumia maisha yao kuifundisha plastiki hekima hiyo. Sisi tunaomeza tusiwe wa kuivunja.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaheri.